Mashine ya Kuvuta Kitu Kisichokuwepo

Ipo nchi moja, na tafadhali msiulize iko wapi, maana atakayeuliza ataonekana ameitambua. Katika nchi hiyo mtu hapimwi kwa elimu wala kwa umri. Anapimwa kwa kilicho chini ya miguu yake. Karani anayeanza kazi hukanyaga saruji. Akimaliza miaka kumi bila kubishana na mtu hupewa kipande cha zulia cha kuweka chini ya kiti, kinachotosha nyayo mbili tu. Mkurugenzi ana zulia la ukuta hadi ukuta. Waziri naye ana la ukuta hadi ukuta, ila la kwake limepanda na ukutani, kwa sababu heshima haina kikomo. Wananchi wanaokuja na shida zao husimama barazani kwenye vigae, na mwenye bahati ya kuitwa ndani husimama pale zulia linapoanzia, akanyoosha shingo, akasema shida yake kutoka hapohapo. Watu wa kule wana shingo ndefu. Wageni hudhani wamezaliwa hivyo.

Bi Somoe alikuwa mhudumu katika Wizara ya Mazulia na Sakafu kwa miaka ishirini na miwili. Zamani wahudumu walikuwa tisa. Wenzake wanane walipandishwa vyeo mmoja mmoja wakawa Waratibu wa Usafi, wakapewa vipande vyao vya zulia, na kuanzia siku hiyo migongo yao ikakataa kuinama. Akabaki yeye na ufagio. Alipiga deki vigae, akafagia mazulia, na kila mwaka kabla ya Sikukuu ya Uhuru aliyatoa uani mazulia yote ya wizara, mia mbili na kumi na manne, akayatundika kwenye kamba na kuyakung'uta kwa fimbo. Siku ya sikukuu yalipelekwa uwanjani ili kila mkubwa akae juu ya lake, rais juu ya refu kuliko yote.

Sasa mwaka huo kifua kikamgomea. Akipanda ngazi anapumzika mara tatu. Alipokwenda zahanati, daktari akamwekea kile kifaa chake mgongoni, akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mama, humo ndani unafuga paka?"

"Ni vumbi, mwanangu."

Daktari aliruka akafunga dirisha. "Shh! Usilitaje!"

Hapa inabidi tueleze. Miaka miwili kabla, Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Pankrasi Lwambano, alikuwa amelikomesha vumbi. Lilikomeshwa Jumamosi saa nne asubuhi, kwa utepe na mkasi, ngoma zikapigwa na keki ikaliwa. Tangu siku hiyo vumbi halikuwepo tena nchini kisheria. Mtu akilikuta mezani kwake alitakiwa aseme ni hali ya hewa. Kwa hiyo daktari akaandika cheti: "Mgonjwa amejaa hali ya hewa kifuani." Halafu akainama akamnong'oneza ukweli. "Mama, ukiyakung'uta yale mazulia mwaka huu, Uhuru utakukuta makaburini."

Bi Somoe akakikunja cheti akakitia kwenye pindo la khanga, wala hakukipeleka kazini. Angekipeleka vipi? Sheria ya utumishi ilikuwa wazi: mhudumu asiyeweza kuinama si mhudumu, aondoke, na chumba cha kota akiache ndani ya siku saba. Akinyamaza anakufa, akisema anafukuzwa. Na Uhuru ulikuwa umebakiza miezi minne.

* * *

Ndipo akaikumbuka mashine. Mwaka mmoja aliazimwa kwenda kusaidia dhifa nyumbani kwa balozi wa nchi fulani, akaona pale kitu ambacho hakukisahau. Lilikuwa pipa dogo la mviringo lenye magurudumu, na mpira mrefu kama mkono. Msichana wa kazi alishika mpira, pipa likamfuata nyuma kama mbuzi wa kamba. Kwenye zulia, mdomo wake ulitoa brashi inayozunguka. Akifika kwenye vigae anakanyaga swichi, brashi inaingia ndani, mdomo unateleza juu ya vigae bila kukwaruza. Na hewani hakikupanda kitu. Bi Somoe alisimama akitazama mpaka chai ya wageni ikapoa.

Akachukua karatasi, akaandika kwa mkono wake: "Naomba Wizara inunue mashine moja ya kuvuta vumbi, ya pipa, inayofaa zulia na inayofaa vigae, kabla ya Uhuru. Ahsanteni."

Barua ikapanda ghorofa kwa ghorofa mpaka kwa Waziri. Aliyeipeleka alikuwa Mkurugenzi wa Mazulia, Dakta Kitogo, mtu mnene mwenye sauti nyembamba.

"Mashine ya kuvuta nini?" akauliza Waziri.

"Mheshimiwa, inavuta… kile kitu."

"Kitu gani?"

"Kile ulichokikomesha, mheshimiwa."

"Sasa kama nilikikomesha, itavuta nini?"

Dakta Kitogo akafuta jasho. "Hilo ndilo swali, mheshimiwa. Linahitaji kamati."

Waziri akatabasamu. Hakuna kitu kilichompendeza mzee yule kama neno kamati. Siku hiyohiyo ikaundwa Kamati ya Taifa ya Uteuzi wa Mashine, wajumbe kumi na saba, mwenyekiti Dakta Kitogo. Sharti la kwanza la kuwa mjumbe lilikuwa mtu awe hajawahi kushika ufagio, ili kuepuka upendeleo. Mmoja wao aliuliza kama Bi Somoe naye angeingizwa. Akajibiwa kwamba haifai, kwa kuwa mama yule ana maslahi binafsi katika jambo hilo: anapumua.

Kamati ikafunga safari kwenda nchi za baridi kujifunza. Wiki sita! Wakarudi wamenawiri, na ripoti ya kurasa mia mbili na arobaini. Kurasa mia mbili na thelathini zilihusu hoteli. Katika hizo kumi zilizobaki kulikuwa na ugunduzi mmoja mkubwa, uliopigiwa mstari: kwamba huko nje mashine zipo. Bi Somoe alipousikia akacheka, akakohoa, akakaa chini ya ngazi mpaka moyo ukatulia. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga walisema, na wao walikuwa na vifua vizima.

* * *

Miezi miwili ikawa imekwisha. Wauzaji watatu wakaitwa walete mashine zao zijaribiwe. Hapo kamati ikakwama. Utaijaribuje mashine ya kuvuta vumbi katika nchi isiyo na vumbi? Wakaagiza magunia ishirini kutoka ng'ambo. Magunia yakafika, yakazuiwa bandarini, maana forodha walidai kibali cha kuingiza kitu ambacho hakipo, na ofisi ya kutoa kibali hicho ilikuwa imefungwa kwa kukosa kazi.

Siku moja mchana, Bi Somoe yuko kwenye kistoo chake cha mifagio, akasikia mlango unagongwa polepole. Akafungua. Dakta Kitogo huyo, anatazama nyuma na mbele kama mtu aliyekuja kununua gongo.

"Shikamoo, mama yangu," akasema Mkurugenzi, na haikuwahi kutokea.

"Marahaba, Dakta. Kulikoni?"

"Tumesikia… yaani watu wanasema… kwamba wewe unacho kidogo."

"Kiasi gani?"

"Debe moja tu."

"Lipo. Unataka la Uhasibu au la ofisini kwa Waziri?"

"Kwani yana tofauti?"

"La kwa Waziri laini zaidi. Halijawahi kusumbuliwa na kazi."

Akachukua la Waziri.

Siku ya majaribio ukumbi ulijaa. Nusu ya ukumbi ilitandikwa zulia, nusu ikaachwa vigae vitupu, na debe la Bi Somoe likamwagwa kote. Waziri aliketi mbele, mkono puani kwa sababu za kiusalama.

Mashine ya kwanza ilibebwa na wanaume wanne. Ilipowashwa ilinguruma, mlinzi mmoja akalala kifudifudi. Ikaling'ang'ania zulia mpaka likakunjamana lote, na ilipofikishwa kwenye vigae ikapuliza kila kitu nyuma, usoni kwa wajumbe. Wakapangusa miwani, wakaandika: "Ina sauti ya uongozi."

Ya pili ilikuwa na nakshi za dhahabu, na mwenye kuileta alikuwa shemeji yake Dakta Kitogo, jambo ambalo lilitokea kwa bahati tu. Ilipowashwa ikapiga wimbo wa taifa. Watu wote wakasimama wima, macho mbele, kwa hiyo hakuna aliyetazama chini kuona kama imevuta chochote. Haikuvuta. Wakaipa alama tisini na tano.

Ya tatu ililetwa na bwana mmoja mwembamba aitwaye Hafidhi. Pipa dogo la kijivu, halina nakshi wala wimbo. Hafidhi akaomba mjumbe mmoja ajaribu mwenyewe. Wajumbe wakatazamana. Hakuna aliyejua mtu huinama kuanzia wapi. Basi akaitwa Bi Somoe.

Bi Somoe hakukurupuka. Kwanza aliinua pipa kwa mkono mmoja, akapima uzito, akalirudisha. Akavuta waya wote nje kuona kama utafika mwisho wa ukumbi. Akapitisha kidole kwenye magurudumu, akakuta ya mpira, hayatachora vigae. Akaigeuza ile brashi akaangalia nywele zake. Akaiwasha, halafu akafanya jambo ambalo kamati yenye wajumbe kumi na saba haikulifikiria: akaweka uso wake nyuma ya pipa, pale hewa inapotokea, akavuta pumzi. Hewa safi. Chujio lilikuwa linakamata, kilichoingia hakitoki.

Akaisukuma. Vigae vikang'aa. Akakanyaga swichi, brashi ikatoka, akapanda zulia, zulia likarudisha rangi ambayo watu walikuwa wameisahau. Mashine ikanong'ona tu. Na yule mama aliyekuwa akipumzika mara tatu kwenye ngazi moja akafika mwisho wa ukumbi bila kukohoa hata mara moja.

"Hii hapa," akasema, machozi yakimlengalenga. "Zulia inaliweza, vigae inaviweza, na mgongo wangu unaiweza. Nunueni hii, baba zangu."

Makofi yakaanza. Waziri akainua mkono yakanyamaza.

"Wewe muuzaji. Hiyo mashine imetoka wapi?"

"Kiwandani, mheshimiwa."

"Nauliza sasa hivi. Kabla ya kupanda zulia ilikuwa wapi?"

"Kwenye vigae, mheshimiwa."

"Na imepanda na mdomo uleule?"

"Uleule!" akasema Hafidhi kwa fahari, maskini, hajui anachimba kaburi. "Ndiyo sifa yake kubwa, mheshimiwa. Haibagui."

Ukumbi mzima ukaguna. Waziri akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Ndugu wananchi. Nchi yetu imejengwa juu ya misingi, na misingi hiyo ni miwili: zulia na vigae. Leo, mbele ya macho yangu, kitu kilichokuwa kinalamba vigae vya wananchi kimepanda zulia bila barua, bila usaili, bila hata kujifuta mdomo. Leo ni mashine. Kesho atapanda nani? Kesho atapanda mtu!"

Wajumbe wawili wakazirai kwa uzalendo.

Bi Somoe akanyoosha mkono. "Samahani, mheshimiwa. Mbona mimi natoka kwenye vigae napanda zulia kila siku?"

Waziri akamtazama kwa upole wa kweli. "Wewe huhesabiki, mama," akasema.

Aliyeokoa jahazi alikuwa Dakta Kitogo. Alikumbuka kwamba hata mkurugenzi hukanyaga vigae anapokwenda kwenye gari lake, na akirudi hupanda zulia bila tatizo, kwa sababu ana cheo. Basi dawa ni ndogo: mashine ipewe cheo! Ikishakuwa na cheo, itakwenda itakako. Waziri akamkumbatia. Mashine ikanunuliwa palepale.

Bi Somoe alipiga vigelegele mpaka walinzi wakamwomba apunguze. Moyoni alisema, hata wakiiita Sultani na waiite, mradi ivute.

* * *

Mashine iliapishwa siku ya Alhamisi, mpira wake ukiwa umewekwa juu ya Katiba. Ikawa Naibu Mkurugenzi wa Mvuto. Ikapewa ofisi namba saba, meza, kiti cha kuzunguka, bendera ndogo, katibu muhtasi, na zulia jipya nene la ukuta hadi ukuta. Kufikia hapo Uhuru ulikuwa umebakiza siku kumi na mbili.

Ijumaa asubuhi na mapema Bi Somoe akaenda kuichukua. Mlangoni akamkuta katibu muhtasi, binti aitwaye Eufrasia, anapaka rangi kucha.

"Una miadi?"

"Miadi ya nini, mwanangu? Nimekuja kuchukua mashine nikafanyie kazi."

"Mheshimiwa yuko kikaoni."

"Kikao gani? Si yule pale namwona, kakaa kitini, kazungushiwa waya wake!"

"Akiwa kikaoni ndivyo anavyokaa," akasema Eufrasia, akapuliza kucha.

Jumamosi hayupo, yuko mapumzikoni. Jumatatu Bi Somoe akapokea barua. Wizara ilimkumbusha kwamba, kufuatia uteuzi wa Naibu Mkurugenzi wa Mvuto, mazulia ya wizara sasa ni mia mbili na kumi na tano, na lile la Naibu Mkurugenzi likung'utwe kwa uangalifu wa pekee, kwa kuwa ni jipya.

Aliisoma mara mbili. Halafu hasira zikampanda, hasira hasa, za mtu aliyevumilia tangu ujana wake. Akasema kwa sauti, peke yake kistooni, "Hawa watu wana wazimu, na mimi ndiye ninayekufa."

Katika wizara ile chakula cha mchana huanza saa sita na kumalizika saa tisa, kwa wenye bidii. Saa sita na dakika tano Bi Somoe akaingia ofisi namba saba. "Hodi, mheshimiwa," akasema, maana adabu ni adabu. Akauzongoa ule waya, akachomeka, akawasha. Akaanza na zulia la mashine yenyewe. Akatoka korido, swichi, vigae; akaingia Uhasibu, swichi, zulia. Akaenda chumba kwa chumba anaimba kimoyomoyo. Kila alipolifungua pipa na kumwaga, lilijaa tena. Kifua kimya. Saa nane na nusu akawa ofisini kwa Waziri, anamalizia zulia la kumi tu kati ya yote, mlango ukafunguliwa.

Waziri alikuwa amesahau kijiti chake cha meno. Akasimama mlangoni, akaona Naibu Mkurugenzi mzima, aliyeapishwa, yuko sakafuni, mdomo chini, anafanya kazi.

"Walinziii!"

* * *

Kamati ya Nidhamu ilikaa kesho yake. Shtaka lilikuwa moja: kumfanyisha kazi kiongozi aliye madarakani. Mlalamikaji aliwekwa mbele juu ya kiti, pembeni yake glasi ya maji. Dakta Kitogo akasoma shtaka huku sauti ikikatika. Akaeleza kwamba amepekua majalada yote ya nchi tangu Uhuru, na tukio la aina hiyo halijawahi kuripotiwa. Wazee wawili wakainamisha vichwa. Kama kiongozi anaweza kukamatwa Jumatatu mchana akafanyishwa kazi, nani angelala salama Jumanne?

"Bi Somoe," akauliza Waziri, "ulijua kwamba huyu ni kiongozi?"

"Nilijua, mheshimiwa."

"Na ukamfanyisha kazi?"

"Nilimfanyisha."

"Kwa nini?"

Bi Somoe akashangaa kweli. "Nilidhani ndicho alichochaguliwa."

Mjumbe mmoja akaomba jibu lile lifutwe kwenye kumbukumbu. Mwenziwe akaomba lifutwe na swali.

Hukumu ilitolewa kwa huruma, na wenyewe walisema hivyo mara tatu. Hatafukuzwa. Ataanza siku hiyohiyo kukung'uta mazulia yote mia mbili na kumi na tano, kwa fimbo, peke yake, yakamilike kabla ya Uhuru. Naibu Mkurugenzi amepewa likizo ya majonzi. Dakta Kitogo akainuka, akamletea Bi Somoe fimbo.

Yeye akaitazama ile fimbo. Akatia mkono kwenye pindo la khanga, akatoa cheti cha daktari kilichokuwa kimelowa jasho, akakiweka mezani. Juu yake akaweka ufunguo wa kota.

"Shika wewe fimbo yako, Dakta," akasema. "Mimi nchi yenu nimeivuta miaka ishirini na miwili. Kifua kimejaa."

Akatoka. Hakuna aliyemzuia, kwa sababu kamati haikuwa na kifungu kinachomhusu mtu anayeondoka mwenyewe.

Alikwenda kwa mdogo wake, Mwanawetu, mbali na mji, kwenye nyumba ya udongo ambako kabla ya kufagia mtu hunyunyiza maji kwanza. Alilala siku tatu. Usingizi ulikuwa na deni lake.

Kule wizarani walitafuta wa kuyakung'uta mazulia. Wakatafuta ghorofa zote, wakakuta kila mtu ana cheo. Hivyo siku ya Uhuru mazulia yakapelekwa uwanjani yalivyo, yakatandikwa kwa mpangilio wa heshima, wakubwa wakakaa. Bi Somoe na mdogo wake walikuwa wanachambua mchicha, redio iko juu ya kinu.

Bendi ya jeshi ikaingia kwenye zulia la rais. Wakapiga mguu mmoja chini kwa pamoja, wanaume mia mbili.

"Wasikilizaji," akasema mtangazaji, "hali ya hewa imeanza kupanda hapa uwanjani. Ni nzuri sana, ya rangi ya kahawia. Mheshimiwa Rais… Mheshimiwa Rais anakohoa! Anakohoa kwa ufasaha mkubwa! Na sasa mawaziri nao wanakohoa, kwa kufuata itifaki, Waziri wa Mazulia akiwa mbele yao. Wakurugenzi wanaitikia! Simwoni tena mtu yeyote, wasikilizaji, lakini nasikia umoja, nasikia mshikamano…" Halafu naye akashikwa, na kilichosikika redioni kikawa kikohozi kitupu, kikubwa, cha ngazi zote, kikipokezana na matarumbeta.

Mwanawetu akaacha mchicha. "Dada, ndiyo nini hiyo?"

"Serikali," akasema Bi Somoe.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka sinia likamwagika, akajishika kwenye kizingiti, akacheka mpaka machozi, kicheko cha kutoka chini kabisa tumboni. Kilipokwisha, akaweka kiganja kifuani, akangoja kikohozi, kama alivyozoea kukingoja.

Hakikuja. Akavuta pumzi moja, ikaenda mpaka mwisho, ikarudi. Akamwambia mdogo wake aongeze sauti ya redio.